Mkono Usioonekana: Historia ya Usahihishaji wa Kujiendesha na Hatima ya Shairi la Mtihani

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa, tazama mshororo huu ambao nimeuunda kwa ajili ya makala haya:

Wana mkae kitako, niwaeleze ya kale.

Hesabu mizani. Ukwapi una mizani 8 na utao una mizani 8. Mshororo umetimia. Sasa upige chapa katika tarakilishi ambayo programu yake ya Word imepangwa kwa lugha ya Kiingereza, kama zilivyo nyingi katika shule na maduka yetu ya kupiga chapa. Mara tu unapobonyeza nafasi baada ya neno "mkae", neno hilo linatoweka na mahali pake panakaa "make". Orodha ya Kiingereza iliyomo ndani ya programu hiyo inachukulia "mkae" kuwa ni "make" iliyokosewa herufi. Ukwapi sasa una mizani 7. Mtahiniwa atakayeulizwa aeleze arudhi za shairi hilo ataandika, kwa haki kabisa, kwamba mizani haikutoshelezwa. Mwongozo wa kusahihishia utasema mizani ni 16. Nani amekosea?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hili si hitilafu ndogo ya mashine. Ni hatua ya karibuni katika historia ndefu ya mikono isiyoonekana ambayo imekuwa ikisahihisha maandishi ya Kiswahili kabla hayajamfikia msomaji. Ikiwa unafunza Kanja au kwingineko pande za Embu na Meru, mbali na pwani na kamusi kubwa za maktaba za vyuo, historia hii inakuhusu. Karatasi iliyo mezani mwako aghalabu ndiyo nakala pekee ya shairi ambayo mwanafunzi wako ataiona.

Mkono wa mnakili

Kabla ya matbaa, tenzi na mashairi yetu yalihifadhiwa katika miswada ya hati za Kiarabu. Kila nakala ilitoka mkononi mwa mnakili. Anayetajwa sana ni Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyenakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama vile Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Baadhi ya nakala zake zimehifadhiwa London na Ujerumani hadi leo.

Hati za Kiarabu, kama zilivyotumiwa zamani, hazikuwa na alama maalumu kwa kila sauti ya Kiswahili. Sauti /p/ na /b/ ziliweza kuandikwa kwa herufi moja; irabu /e/ na /i/ zilichangia alama, vivyo hivyo /o/ na /u/. Kwa hiyo msomaji ndiye aliyekamilisha neno kwa kujua lugha na muktadha. Mhariri alipokuja kuandika upya matini kwa herufi za Kirumi, alilazimika kuchagua neno moja kati ya mawili au matatu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi karne ya 19 ilipoanza, yalikusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, kisha yakachapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa Hichens. Baina ya ulimi wa Muyaka na jicho letu kuna mikono isiyopungua mitatu.

Mikono hiyo, hata hivyo, ilikuwa na majina. Mhakiki anaweza kuuliza Kijuma aliandika nini, Hichens alibadilisha nini. Mkono wenye jina unaweza kuhojiwa.

Mkono wa kamati

Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa elimu mjini Dar es Salaam uliozungumzia haja ya kuwa na Kiswahili kimoja cha shule. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukakubali lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kimvita kikaachwa nyuma. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kamati iliweka kanuni za tahajia, ikapitia miswada ya vitabu vya shule na kutoa ithibati kwa vile vilivyofuata kanuni hizo. Kamusi kubwa za Johnson zilitoka mwaka 1939. Kamati hiyo ndiyo iliyozaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mwaka 1964, na TUKI ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981.

Hatuwezi kubeza kazi hii. Bila tahajia moja, mtahiniwa wa Kanja, wa Kisumu na wa Malindi wasingeweza kufanya mtihani mmoja. Lakini usanifishaji ulileta pia tabia ya kuiona kila sura isiyo ya Kiunguja kuwa kosa. Washairi wa Mombasa hawakuinyamazia tabia hiyo. Ahmad Nassir alitoa Malenga wa Mvita mwaka 1971, na Abdilatif Abdalla akatoa Sauti ya Dhiki mwaka 1973, mkusanyiko aliouandika kifungoni. Katika vitabu hivyo lahaja ya Kimvita inatumiwa kwa kusudi, nayo ni sehemu ya maana. Mashairi yenye sura za "mato", "nti" na "ndia" badala ya "macho", "nchi" na "njia" yalichapishwa hivyo kwa sababu mshairi alitaka hivyo na mhariri akakubali.

Weka jambo hili akilini: kamati iliposahihisha, ilisahihisha kwa kanuni zilizochapishwa. Mwandishi aliweza kuzisoma, kuzikubali au kuzipinga.

Mkono wa mashine

Taipureta ya kawaida haikusahihisha neno lolote. Ilipiga kengele tu mstari ulipokaribia ukingo, na kosa lililoingia katika stensili lilikuwa la mpiga chapa mwenyewe. Mabadiliko yalianzia kwingine. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Ralph Gorin aliandika programu iliyokagua tahajia na kupendekeza maneno yaliyokaribiana na lile lililokosewa. Hapo mashine ilipendekeza, na binadamu akaamua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dean Hachamovitch wa kampuni ya Microsoft alifanyia kazi wazo jingine: mtu akiandika "teh", mashine igeuze iwe "the" bila kumwuliza, mara tu anapobonyeza nafasi. Wazo hilo liliingia katika Word 6 mwaka 1993. Word ya mwaka 1995 ikaongeza mstari mwekundu wa mawimbi chini ya neno lisilojulikana. Ofisi ya mwaka 1997 ikaleta kile kibanio cha karatasi chenye macho, kilichochomoza pembeni mwa kiwambo kutoa ushauri ambao hukuuomba. Ukianza barua kwa salamu ya Kiingereza, kinajitokeza na kuuliza iwapo wataka msaada wa kuandika barua. Ukianza kwa anwani na "MINT:" au "KUH:" kama tunavyofunza barua rasmi, kinakaa kimya, maana hakijui kwamba hiyo nayo ni barua. Watumiaji walikichoka, mwaka 2001 kilizimwa kikawa cha hiari, na mwaka 2007 kikaondolewa kabisa.

Kibanio kiliondoka, lakini tabia zilizofanya kazi kimyakimya zilibaki. Zile zinazomgusa mwalimu wa Kiswahili ni hizi:

Kwanza, ubadilishaji wa maneno, kama tulivyoona kwa "mkae".

Pili, ubadilishaji wa alama. Ukiorodhesha maswali kwa (a), (b), (c), kile kipengele cha tatu kinageuka kuwa ©, alama ya hakimiliki. Tazama mitihani ya majaribio ya shule mbalimbali. Hutakosa alama hiyo imekaa mahali pa swali.

Tatu, herufi kubwa. Kila unapoanza mstari mpya, herufi ya kwanza inakuzwa. Katika shairi la arudhi hakuna hasara kubwa. Katika shairi huru hasara ipo. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, jirani zetu wa hapa, ametunga mashairi huru katika Mchezo wa Karata (1997) na Bara Jingine (2001), ambamo umbo la maneno kwenye ukurasa ni sehemu ya ujumbe. Mshairi wa aina hiyo akiandika mshororo wa neno moja kwa herufi ndogo, mashine inaikuza herufi hiyo. Akilisukuma neno kuelekea kulia, mashine inaweza kudhani ni aya mpya au orodha na kulipanga inavyojua.

Nne, visanduku vidogo vinavyochomoza wakati wa kuandika. Andika herufi chache za mwanzo za mwezi, na Word inakupa jina zima la Kiingereza. Ukibonyeza kitufe cha kuingiza, "Septemba" uliyoikusudia inakuwa "September".

Usidhani kwamba tatizo hili ni letu pekee. Watafsiri wa Umoja wa Ulaya walilipa jina. Neno la Kiingereza "cooperation", likiandikwa bila kistari, halikuwa katika kamusi za baadhi ya programu za zamani, na neno lililopendekezwa lilikuwa "Cupertino", jina la mji wa California. Nyaraka rasmi zilichapishwa zikizungumzia Cupertino ya mataifa badala ya ushirikiano wa mataifa. Ikiwa Kiingereza, lugha ya mashine yenyewe, kilipatwa na hayo, Kiswahili kingesalimika vipi?

Mashine inapojifunza Kiswahili

Wataalamu hawakulala. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuunda programu ya kuchanganua maneno ya Kiswahili, akitumia nadharia ya kimofolojia aliyoitoa Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Sababu ya kuhitaji uchanganuzi badala ya orodha unaifahamu kutokana na somo la sarufi. Chukua neno "hawatatuandikia": ha-wa-ta-tu-andik-i-a. Badilisha kiambishi kimoja, na neno jipya linazaliwa. Mzizi mmoja wa kitenzi unaweza kuzaa maelfu ya maneno sahihi. Orodha ya Kiingereza inaweza kukaribia kutosha. Orodha ya Kiswahili haiwezi.

Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Miaka hiyo hiyo Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, aliandaa orodha ya maneno ya kukagulia tahajia ya Kiswahili katika programu huria. Microsoft nayo ilitangaza mpango wake wa Kiswahili mwaka 2004, na kufikia 2006 menyu za Kiswahili za programu zake zilikuwa zimetoka.

OpenOffice ilikuwa na tabia moja inayofaa kutajwa. Kisanduku chake cha kukamilishia maneno kilikusanya maneno marefu kutoka hati yenyewe unayoiandika. Ukiwa umeshaandika "usanifishaji" mara moja, ukianza tena herufi tatu za mwanzo, kinakupa neno lako mwenyewe. Msamiati unaotumika hapo ni wa mwandishi. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana: mashine moja inaleta maneno kutoka mbali, nyingine inakurudishia yako.

Kwa lugha za huku kwetu, safari ilikuwa ndefu zaidi. Kiembu, Kimeru na Kikuyu vina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Baobonye ya kawaida haina herufi hizo, kwa hiyo tumezoea kuandika Njeru na Muriuki bila alama. Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akishirikiana na Guy De Pauw wa Ubelgiji na wenzao, walichapisha mwaka 2006 utafiti wa namna mashine inavyoweza kuzirudisha alama hizo katika maandishi ya Kikuyu. Huu ni mfano wa mkono wa mashine unaorudisha kilichopotea.

Kelele na kimya

Sasa tufike kwenye kiini. Hebu tuseme umeweka kikaguzi cha Kiswahili na umeachana na kile cha Kiingereza. Je, shairi la mtihani liko salama? La. Kikaguzi kimejengwa juu ya Kiswahili sanifu, hasa maandishi ya magazeti na vitabu. Hakijui uhuru wa mshairi.

Tazama kinavyofanya. Inkisari kama "alokuja" badala ya "aliyekuja" inapigiwa mstari mwekundu. Lahaja kama "nti" inapigiwa mstari. Lakini "ndoo" ya Kimvita, yenye maana ya "njoo", inapita bila kelele, kwa sababu mashine inaidhania ni ile ndoo ya kutekea maji. Mpiga chapa asiyejua fasihi, akiona mistari myekundu na kisanduku kinachomwambia neno "sahihi", atabonyeza tu. Anadhani anamsaidia mwalimu. Kwa kubonyeza mara tatu ameondoa inkisari, ameondoa lahaja, na huenda ameharibu kina.

Kisha linakuja swali la Karatasi ya Tatu: "Huku ukitoa mifano, eleza namna mshairi alivyotumia uhuru wake." Mtahiniwa anatafuta. Hapati chochote, kwa sababu ushahidi umekwisha kufutwa. Wale waliofunzwa vizuri ndio wanaoumia zaidi, maana wanajua cha kutafuta na hawakioni. Wengine wanabuni mifano ili wasiache nafasi tupu.

Upande wa pili, tazama mashine inaponyamaza. Katika eneo letu wanafunzi wengi huathiriwa na lugha ya mama katika sauti /l/ na /r/. Mwanafunzi akiandika "kurara" badala ya "kulala", kikaguzi kitamwonya, na hapo kimemsaidia. Lakini akiandika kwamba bwana harusi "alilipa mahali", au kwamba wananchi "walipiga kula", kikaguzi kitanyamaza, kwa kuwa "mahali" na "kula" ni maneno halali. Kosa halisi linapita.

Huu ndio ugeugeu wa mkono huu: unapiga kelele mbele ya neno ambalo mshairi alilichagua kwa makusudi, na unanyamaza mbele ya kosa la mwanafunzi. Mashine inalinganisha maumbo ya maneno. Kusudi la mwandishi hailioni. Kazi ya mhakiki inaanzia hapo hapo inapoishia ya mashine: kuuliza kwa nini neno hili, na si lile.

Simu za siku hizi zimeongeza uzito wa jambo hili. Kibodi ya simu hupendekeza neno linalofuata hata kabla hujaliwaza. Mwanafunzi aliyezoea kuteua neno kutoka visanduku vitatu huandika Kiswahili cha wengi, chenye misemo iliyokwisha kuzoeleka. Katika insha ya kubuni, upya wa lugha ndio unaomtenga mtahiniwa mmoja na mwingine. Isitoshe, katika chumba cha mtihani kuna kalamu na karatasi tu. Hakuna kisanduku kinachochomoza.

Tufanyeje?

Kwa mwalimu:

(a) Kabla ya kupiga chapa shairi, zima usahihishaji wa kujiendesha, au ondoa katika orodha yake yale maneno yanayokusumbua. Mashine ikibadilisha neno ghafla, bonyeza Ctrl na Z papo hapo. Neno lako litarudi.

(b) Ukipeleka mtihani kwa mpiga chapa, andika juu ya shairi: "Usisahihishe neno lolote." Maelekezo hayo mafupi yameokoa mashairi mengi kuliko mistari myekundu.

(c) Baada ya kuchapa, hesabu mizani na ukague vina upya kutoka karatasi iliyochapwa, wala si kutoka kitabu. Kisha linganisha neno kwa neno na kitabu chenyewe. Arudhi ni chombo cha uhakiki, lakini pia ni chombo cha ulinzi: mizani ikipungua, ujue mkono fulani umepita hapo.

(d) Kumbuka kwamba mizani haifichui kila kitu. "Mato" na "macho" yote yana mizani miwili na yanaishia kwa irabu moja. Lahaja ikibadilishwa, hesabu yako itatimia na shairi litakuwa limeharibika vilevile.

Kwa mtahiniwa:

Usiogope kuandika unachokiona. Ikiwa mizani imepungua katika shairi ulilopewa, sema imepungua na uonyeshe mshororo. Usiseme ni 16 kwa sababu mashairi mengi uliyosoma yana mizani 16. Jifunze pia jozi za maneno zinazokaribiana kwa sauti, kama vile mahali na mahari, kula na kura, kwa maana hakuna mashine itakayokuokoa hapo.

Hitimisho

Kijuma alinakili kwa jina lake. Kamati ilisanifisha kwa kanuni zilizochapishwa. Mashine inasahihisha bila jina na bila kanuni unazoweza kuzisoma kwa urahisi, tena kwa kasi inayomshinda msomaji. Hiyo haiifanyi kuwa adui. Inaifanya kuwa mhariri mmoja zaidi, mwenye Kiswahili kichache na hamu kubwa ya kusaidia. Mhariri wa namna hiyo hupewa kazi, lakini hapewi neno la mwisho. Neno la mwisho kuhusu shairi ni la mshairi, na mlinzi wake katika shule ya Kanja ni mwalimu mwenye kitabu mkono mmoja na karatasi ya mtihani mkono wa pili.

Maswali ya kujadili

1. Chagua shairi moja katika mtihani wa majaribio wa shule yako na ulilinganishe na lilivyo katika diwani. Ni maneno gani yamebadilika, na maana imeathirika vipi?

2. "Usanifishaji ni baraka kwa mtihani na hasara kwa fasihi." Jadili kauli hii kwa kurejelea mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928.

3. Andika beti mbili za tarbia zenye inkisari na lahaja, kisha uzipige chapa katika tarakilishi yenye kikaguzi cha tahajia. Orodhesha kila neno lililopigiwa mstari na utetee matumizi yake.